Kanisa Gani

Usiniambie Kigali ni mji mzuri. Najua ni mzuri, nimeumaliza wote kwa baiskeli. Ila ukitoka Sonatubes, ninapouza vipodozi kwenye duka la binamu yangu Mutesi, unateremka Gikondo kwa raha zako, halafu ule mlima wa kwenda Nyamirambo unakutoa roho. Mimi hushuka nikasukuma. Madereva wa pikipiki wananipita wakipiga kelele, "Komera, madamu!" Jipe moyo, wanasema. Moyo ninao, jamani. Nilichokosa ni mapaja.

Nilikuwa namtafuta baba. Aliitwa Nkusi, Mnyarwanda, fundi baiskeli aliyemuoa mama kwetu Muleba, Tanzania. Nilipokuwa darasa la tatu mama alimfukuza kwa sababu ya pombe. Na hakumfukuza kwa siri. Alimtupia nguo uani majirani wakitazama, akamwambia, "Siku ukiacha pombe nitakufuata hukohuko kwenu, hata kwa miguu. Kabla ya hapo usinijue!" Baba akapanda baiskeli yake akaenda zake, kwao Kigali. Mama hakuolewa tena. Wachumba walikuja, akawatimua wote. Hebu niambie, huyo ni mwanamke aliyemsahau mumewe?

Basi Mutesi aliponiita Kigali nikamsaidie dukani, kitu cha kwanza nilichonunua ni baiskeli kuukuu pale Nyabugogo. Mutesi alicheka mpaka akakaa chini. "Annah, mwanamke mzima! Huku tunapanda moto," yaani pikipiki. Lakini pikipiki haisimami kwa kila fundi baiskeli umuulize kama anamjua Nkusi. Mimi nilisimama. Kila Jumapili nilikwenda mtaa nisioujua, nikapotea, nikarudi. Jumapili nyingine barabara kubwa hufungwa kwa ajili ya watu wa mazoezi, basi na mimi nilijichanganya nao, wao na nguo zao za kubana, mimi na sketi ya kitenge niliyoikunja kwa pini.

Nyakabanda ndiko nilikompata mzee Twizeyimana, mshona viatu, kibanda chake kikitazamana na gereji ya baiskeli iliyofungwa. Kiswahili chake cha kuokoteza, kama cha wengi huku.

"Nkusi ya baiskeli? Nilikuwa namujua sana," akasema. "Lakini haiko tena. Aliitika Mungu." Akavua kofia.

Moyo ulinilipuka. Kwetu, mtu akisikia wito wa Mungu akaitika, ujue kaokoka, pengine kawa hata mchungaji.

"Na pombe?" nikauliza.

"Pombe aliacha. Kabisa! Mwaka mingi."

"Sasa yuko kanisa gani?"

Mzee akanitazama, kofia mkononi. "Kanisa? Sijui, dada. Siku hiyo nilikuwa nimeenda kwetu, sikufika. Pole. Pole sana."

Nikadhani ananipa pole ya kuzunguka na jua. Nikamshukuru, nikateremka ule mlima naimba, breki sizikumbuki.

Jioni nikampigia mama. "Baba kaacha pombe! Kaitika Mungu!"

Mama akacheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia tangu nizaliwe, kicheko cha msichana. Halafu akanigombeza: "Na wewe umekaa kunipigia simu badala ya kumtafuta? Toka hapo!"

Nikaanza makanisa. Uwiii, Kigali ina makanisa! Kimisagara, Gisozi, Gikondo. Nilikuwa naegesha baiskeli ukutani, naingia na jasho langu, nakaa nyuma, namkagua kila mhubiri usoni. Huyu mrefu mno. Huyu kijana. Nikiuliza, "Kuna mchungaji Nkusi hapa?" wanatikisa kichwa, nami napanda mlima mwingine. Kila siku mama ananiuliza umempata, nami namwambia bado kidogo. Nilianza kumkasirikia baba. Kuokoka gani huko kwa kuwakimbia watoto wako?

Jumapili iliyopita nilirudi Nyakabanda, kwenye kanisa dogo nililokuwa nimelipita mara nyingi. Ibada ilikuwa imekwisha. Mama mmoja, Claudette, alikuwa anapanga mabenchi. Alikulia Bujumbura, Kiswahili chake kimenyooka.

"Nkusi fundi baiskeli? Alikuwa anasali hapa," akasema.

"Mungu wangu! Ni baba yangu. Saa hizi nitamkuta wapi?"

Akaliweka benchi chini. "Mwanangu, hawakukwambia? Aliitika Mungu."

"Niliambiwa! Ndiyo nauliza, alipoitika alikwenda kanisa gani?"

Mama Claudette alinishika mikono yote miwili. "Sikiliza. Kwa Kinyarwanda mtu akifa tunasema yitabye Imana. Mungu kamwita, kaitika. Baba yako kifua kilimsumbua, akatutoka wakati wa masika. Sisi ndio tuliomzika."

Nililia, tena kwa hasira. Nilimkasirikia mzee wa viatu na kofia yake, nikakikasirikia Kiswahili, nikajikasirikia mimi niliyeteremka mlima naimba siku niliyopewa msiba. Kisha nikamkumbuka mama, nikapiga simu. Haipatikani. Nikapiga tena na tena, palepale kanisani.

Simu yangu ikaita, namba ya Rwanda nisiyoijua.

"Annah! Nimeazima simu ya konda. Nimeshavuka mpaka wa Rusumo! Nilisema siku akiacha pombe nitamfuata, au hukusikia? Njoo unipokee. Usimwambie, nataka nimshtue!"

"Mama, ngoja—"

Ikakatika. Nilipoipiga ile namba, haikupokelewa.

Nilikwenda Nyabugogo kwa baiskeli, nikipanga maneno njia nzima. Mama, kaa kwanza. Mama, unywe maji kwanza. Kila nililopanga lilikuwa baya.

Aliposhuka kwenye basi nilitaka kugeuza baiskeli nikimbie. Kasuka nywele. Kavaa kitenge kipya. Kakumbatia kopo kubwa la senene, wale panzi wa kwetu, aliowakaanga mwenyewe, kwa sababu Nkusi aliwapenda kuliko nyama.

"Mbona uko peke yako?" akauliza, akichungulia nyuma yangu. "Au leo anahubiri?"

Nilishika usukani kwa mikono miwili. Maneno yote niliyoyapanga yalinikimbia, likabaki lile moja.

"Mama," nikasema, "baba aliitika Mungu."

"Si ulishaniambia?" Akacheka, akaweka kopo la senene kwenye keria, akalifunga vizuri kwa mpira. "Ndiyo maana nimekuja. Haya, twende. Kanisa gani?"