Faida ya Nyumba ya Skuta

Kabura alikuwa amekwenda kwa mamake siku tatu tu. Kurudi, akakuta zizi tupu. Mumewe Gatimu ameketi mlangoni, karatasi gotini, anatabasamu kama mtu aliyeokota pesa njiani.

"Usipige kelele kwanza, Mama Warigia. Ng'ombe nimemuuza mia nane na hamsini, kwa mtu wa Mweiga. Sasa sikiliza hesabu."

Ee, hesabu! Gatimu alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kahawa, na mwaka huo wa 1972 hakuna mtu Nyeri nzima aliyejiamini kwa hesabu kama yeye. Amenunua nyumba kuukuu ya mbao huko Skuta, elfu tatu na mia nne. Matengenezo, mia tisa. Akiba yake yote na pesa za ng'ombe zimeingia humo. Ataiuza elfu tano na mia tano, abaki na faida ya elfu moja na mia mbili. "Miezi mitatu tu, na ng'ombe wako amerudi!"

"Kama ni wangu, si ungeniuliza?"

"Ningekuuliza nini? Haya ni mambo ya hesabu."

Kabura alimnunua ng'ombe huyo kwa kuuza viazi miaka minne. Wiki nzima alimwekea mumewe chakula mezani bila neno.

Tuseme ukweli lakini: mia tisa ilikuwa mia tisa. Fundi Muriithi alibadilisha sakafu, vioo na mabati yaliyoshika kutu, akapaka rangi, na Gatimu akisimama kando yake akihesabu misumari. Mwisho wa karatasi aliandika: kubomoa kibanda cheusi cha nyuma, shilingi ishirini.

Miezi mitatu ikapita, ikawa mitano. Wateja walikuja. Wanaume waligonga kuta wakasifu, wake zao wakazunguka nyuma na kurudi wamekunja midomo. "Tutafikiria," walisema, wakaenda wasirudi. Bei ikashuka hadi elfu tano, ikashuka tena hadi elfu nne na mia sita. Wapi!

"Nitaitoa kwa elfu nne," Gatimu alisema jioni moja.

"Ati elfu nne? Si hiyo ni hasara ya mia tatu! Na ng'ombe wangu utamnunua na nini?" Kabura aliweka mwiko chini. "Kesho unanipeleka niione hiyo nyumba."

Hakuwa ameiona hata siku moja. Walipofika hakuangalia rangi wala vioo, alipita hadi nyuma akasimama uani.

"Watu wanapikia wapi?"

"Ndani. Nimeweka meza ya stovu. Hii ni nyumba ya kisasa."

"Mahindi na maharagwe ya githeri, masaa matatu kwa stovu? Mafuta ya taa utawanunulia wewe? Ama wawashe kuni ndani, moshi upake hiyo rangi yako? Kile kibanda ulibomoa ndicho kilikuwa jikoni, Baba Warigia!"

Gatimu aliifungua karatasi yake, akaisoma juu mpaka chini. "Nilifikiri ni uchafu tu," alisema kwa sauti ndogo.

Kabura alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akakumbuka ng'ombe, na kicheko kikaisha.

Gatimu hakuwa na senti ya kujenga jiko jingine. Lakini Kabura alikuwa kwenye chama cha akina mama wanaonunuliana mabati kwa zamu, na mwezi huo zamu ilikuwa yake. Mabati manane, ambayo alikuwa ameyangojea ili aezue nyasi za jikoni kwake. Iliuma, jamani. Aliwaza siku mbili.

"Mabati natoa," alimwambia mumewe. "Lakini nyumba nauza mimi."

Jumamosi akina mama walifika na mapanga na nyimbo. Walisimamisha nguzo, wakakandika udongo, na Gatimu akaambiwa achote maji. Achote haraka, pia. Kufikia jioni jikoni palikuwa pamesimama, mafiga matatu yako mahali pake.

Wiki iliyofuata alikuja Kibibi, muuza mahamri wa mjini, pamoja na mumewe Othmani. Othmani alisifu vioo. Kibibi aliingia jikoni, akachuchumaa kando ya mafiga, akatazama moshi utatokea wapi.

"Bei, mama?"

"Elfu tano na mia sita."

"Elfu tano, dadangu."

"Dadangu, humu hata majivu hayajaingia!"

Walipatana kwa elfu tano na mia nne. Othmani hakuulizwa, wala Gatimu.

Njiani Gatimu alikuwa amechangamka tena. "Faida ya mia kumi na moja, kasoro mabati yako! Kuna nyingine nimeiona Sagana, mbovu kabisa, tukiipata..."

"Ng'ombe kwanza," Kabura alisema. Pesa alikuwa amezifunga kiunoni.

Mtu wa Mweiga hakuwa mjinga. Ng'ombe sasa ana mimba, alisema, kwa hivyo elfu moja na mia moja. Kabura alibishana naye mpaka akakubali elfu moja na hamsini, akamhesabia noti moja moja. Yule mtu akatoa kitabu cha risiti, akailamba penseli, akamgeukia Gatimu.

"Niandike jina gani, mzee?"

Gatimu alikohoa. Alimtazama mkewe, ambaye alikuwa ameshaweka mkono juu ya shingo ya ng'ombe na hakumtazama.

"Andika Kabura," alisema. "Mimi nimekuja kushika kamba tu."