Bolti Chini ya Maua

Kijijini Saint-Arban watu walimjua Anselme Pouzet kama mzee asiyeogopa kitu. Alishawahi kumrudisha zizini fahali wa jirani kwa mikono mitupu, na hata meya akimwona anavuka uwanja huku amekunja uso, alikuwa akikumbuka ghafla kwamba ana kazi ofisini. Lakini tangu Pasaka mzee huyu alikuwa akitembea roho mkononi, na hakumwambia mtu. Alikuwa anakiogopa kichwa chake mwenyewe.

Mambo yalianza na sufuria. Binti yake Sabine alikuwa amekuja kutoka Lyon kwa sikukuu pamoja na mwanawe Lison, mjukuu wa pekee wa mzee. Walirudi kutoka kanisani wakakuta nyumba imejaa moshi, sufuria nyeusi kama lami, na maziwa yameganda kwenye jiko. Anselme akasema aliacha moto makusudi ili supu ipate joto. Hapakuwa na supu. Sabine hakubishana naye, ila siku ya kuondoka alimshika mkono pale kituoni.

"Baba, mwezi wa saba tutakuja kama kawaida. Nikikuona uko sawa, Lison atabaki na wewe mpaka shule zifunguliwe. Nikiona hauko sawa, simwachi. Unanielewa?"

"Mimi niko sawa kuliko wewe," akajibu Anselme.

Garimoshi lilipoondoka, alilitazama mpaka likapotea. Tangu mkewe afariki, mwaka mzima wa mzee huyu ulikuwa ni kusubiri zile wiki za Lison. Zikiondoka hizo, asingebaki na kitu zaidi ya saa ya ukutani na paka asiyempenda.

Ndipo akaona baiskeli moja. Ilikuwa kwenye ghala la rafiki yake Firmin, chini ya mizinga mitupu ya nyuki: kibaiskeli cha mtoto kilichotengenezwa mjini Saint-Étienne enzi ambazo Anselme mwenyewe alikuwa bado anavaa kaptura. Kutu ilikuwa imekila, kiti kimetobolewa na panya, lakini ukikwangua kwa ukucha ulikuta rangi ya kijani chini yake. Anselme akakibeba begani mpaka nyumbani. Alijiambia kwamba mtu anayeweza kukifufua kitu kama hiki, kichwa chake hakina kasoro, na Sabine ataona kwa macho yake.

Kazi ilimtoa jasho. Kabari, vile vyuma vinavyobana mikono ya pedali, zilikataa kutoka mpaka alipozilowesha mafuta siku kadhaa na kuzigonga kwa subira. Gololi alizisafisha kwa mafuta ya taa, madigadi akazisugua kwa siki na karatasi ya bati ya jikoni mpaka zikaonyesha uso wake. Alipokwenda mjini kununua pedali mpya, haikuingia hata moja. Baiskeli za zamani za Kifaransa nyuzi zake za bolti, ile mikato ya kuzungushia, ni za peke yake, hazielewani na kitu cha leo, kama wazee fulani tunaowajua. Ilibidi azunguke kwenye minada ya Jumapili ya vitu vikuukuu, akipekua masanduku ya vyuma, huku Firmin akimcheka.

"Wewe mzee, kwa muda huu si ungezaa mtoto mwingine anayejua kutembea kwa miguu?"

Anselme naye alicheka. Hakumwambia Firmin kuhusu springi ya breki. Alikuwa ameitafuta karakana nzima, akaitukana, akamtukana na paka, kisha asubuhi alipofungua kikapu cha mkate akaikuta humo, imefungwa vizuri ndani ya kitambaa safi. Nani aliiweka? Nyumba ilikuwa na mtu mmoja tu. Alikaa kitini akiigeuza hiyo springi mkononi.

Tangu siku hiyo hakukaza nati bila kuirudia. Aliishika, akaenda zake, akarudi kuishika tena.

Sabine na Lison walifika siku moja kabla ya sikukuu ya taifa. Lison alipoiona baiskeli inang'aa uani alipiga yowe mpaka paka akakimbilia darini. Akapanda, akazunguka uwanja, akarudi analalamika.

"Babu, magoti yangu yanagonga usukani."

"Basi tutaupandisha, bibi mdogo."

Jioni hiyo Sabine na mtoto wakaipamba. Kwa maana Saint-Arban wana desturi yao ya tarehe kumi na nne Julai: kila mtoto huivisha baiskeli yake maua ya karatasi, mekundu, meupe na ya bluu, kisha wote hufuatana nyuma ya bendi kutoka kanisani. Mpaka hapo hakuna ubaya. Lakini wakifika kwenye kona ya duka la mkate, bendi husogea pembeni, ngoma hupigwa mara tatu, na watoto huachia breki. Huteremka ule mteremko wote wa mawe wakipiga kelele hadi kwenye chemchemi, na hapo sharti ukate kona kuingia uwanjani, kwa sababu mbele yako kuna birika la jiwe linalofika kiunoni kwa mtu mzima. Wazazi husimama pembeni wakipiga makofi. Anselme mwenyewe aliacha jino pale alipokuwa na miaka tisa, na bado aliiona ni desturi nzuri. Usiniulize mimi.

Asubuhi ya sikukuu watoto walikuwa wamejipanga mbele ya kanisa. Firmin, ambaye ndiye mpiga ngoma wa bendi, alikuwa amevaa kofia yenye manyoya na uso wa mtu aliyekwisha kunywa kidogo. Lison alisimama safu ya mbele. Alinyoosha mikono, akashika usukani, na Anselme akafurahi kuona umekuwa juu, magoti hayagusi tena.

Nimeupandisha mimi, akawaza. Halafu furaha ikakatika.

Aliupandisha, ndiyo. Alikumbuka kuilegeza ile bolti kubwa ya kwenye shingo ya usukani. Alikumbuka kuigonga kwa nyundo ya mbao mpaka kabari iliyomo ndani ikaachia, na usukani ukapanda taratibu. Kisha alikumbuka viazi. Viazi vya Sabine vyenye jibini, mezani, vinatoa mvuke. Kati ya nyundo na viazi hapakuwa na kitu. Alipekua kichwani kama alivyopekua masanduku ya mnadani, na mahali pale palikuwa peupe.

Bolti hiyo isipokazwa, usukani na gurudumu havijuani tena. Mtoto atakata kona kwa mikono, na gurudumu litaendelea mbele, moja kwa moja kwenye jiwe.

Akajipenyeza mpaka kwa Lison, akanyoosha mkono kwenye maua.

"Hebu nishike hapa kidogo."

"Babu, usiguse! Utaniharibia!"

"Kidogo tu, mjukuu wangu."

"Mama! Mwambie babu!"

Sabine akasogea. Alikuwa akitabasamu, lakini macho yake yalikuwa yaleyale ya kituoni, yanapima.

"Vipi, baba?"

Swali lilikuwa limefika kwenye ncha ya ulimi: Sabine, niliikaza ile bolti? Maneno machache tu. Lakini angeyasema, angekuwa amejihukumu mwenyewe. Mtu mwenye akili timamu hamuulizi mwenzake alichofanya kwa mikono yake jana. Angemwona binti yake anatikisa kichwa taratibu, na Agosti ingeondoka na garimoshi la jioni.

"Hakuna kitu. Naangalia kengele."

"Kengele inalia, baba. Imelia tangu alfajiri, kijiji kizima ni shahidi."

Firmin akampiga bega. "Toka njiani, fundi! Utamla mtoto kwa macho!"

Bendi ikaanza, na msafara ukaondoka. Anselme akatembea pembeni akiwasukuma watu, macho yake kwenye mafungu ya maua yaliyoificha bolti. Alijikaza. Alijiambia kwamba mkono wa fundi hukaza wenyewe, hauhitaji ruhusa ya kichwa. Umefanya kazi miaka yote, kwa nini usahau jana? Akaikumbuka springi ndani ya kikapu cha mkate. Hiyo nayo iliwekwa na mkono huohuo.

Kwa mwendo wa polepole baiskeli ilikuwa inakwenda sawa. Bila shaka inakwenda sawa, akawaza kwa hofu, njia imenyooka. Angalau mara nne alifungua mdomo na kuufunga. Mungu wangu, nitamuua kwa sababu ya aibu.

Wakafika kwenye kona ya duka la mkate. Bendi ikasogea pembeni. Chini kabisa birika la chemchemi lilikuwa linameremeta kwa maji, na mtu fulani alikuwa ameweka bendera ndogo juu ya ukingo wake. Watoto wakainama mbele. Firmin akainua vijiti.

Ngoma ikalia mara moja. Ikalia mara ya pili.

"Simamisheni!" Anselme akapiga ukelele ambao hakujua kama anao. Akajitupa mbele ya baiskeli ya mjukuu wake, akalibana gurudumu kwa magoti, akayashika maua kwa mikono miwili na kuyang'oa. Karatasi zikaruka hewani. Lison akapiga yowe. Mzee akaushika usukani uliobaki uchi akaupinda kwa nguvu zake zote kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena.

Haukusogea. Akauegemea kwa uzito wa mwili mzima mpaka magoti yakamuuma. Ulikuwa imara kama ukuta wa kanisa.

Kicheko kikalipuka kuanzia dukani hadi chemchemi.

"Mzee Anselme!" Firmin akapaza sauti. "Kama unataka kushindana na watoto si useme! Zawadi yenyewe pipi!"

Kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na Anselme alikipokea kicheko hicho kwa mikono miwili. Alicheka pamoja nao, machozi yakimtoka, akimpapasa Lison kichwani na kumwomba radhi. Imekazwa! Mtoto mzima, baiskeli nzima, na yeye mwenyewe ni mjinga wa kijiji kwa siku moja. Angelipa hata zaidi ya hapo.

Kisha akamwona Sabine. Alikuwa amesimama mbele yake, na yeye peke yake alikuwa hacheki.

"Ulikuwa unatafuta nini, baba?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Hakuwa na nguvu ya kusema uongo tena. "Bolti. Nilidhani sikuikaza. Nilikuwa... sikumbuki kama niliikaza, Sabine."

Uso wa binti yake ukabadilika rangi.

"Uliikaza jana jioni. Nilikuwepo."

"Wapi?"

"Uani, baba. Mimi ndiye niliyekushikia gurudumu kwa magoti. Ulinipa spana na mimi nikaze mwishoni, ukasema nina mkono wa marehemu mama. Tukaanza kulia wote wawili kama wajinga. Tulikaa pale kwenye ngazi mpaka Lison akaja kutuita." Akamshika mkono. "Hukumbuki hata kidogo?"

Anselme akatafuta. Alitafuta ngazi, alitafuta spana ikiwa mkononi mwa binti yake, alitafuta machozi. Mkewe alikuwa ametajwa baina yao kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na yeye, Anselme, ni kama hakuwepo. Asubuhi nzima alikuwa ameogopa kuikuta bolti imelegea. Kumbe kuikuta imekazwa ndiko kulikotisha zaidi. Safari hii hapakuwa na kitu cha kushika kwa mikono na kukipinda ili kujua kama ni kizima.

"Nilisema nini kingine?" akauliza.

"Baba..."

"Niambie. Nilisema nini?"

"Ulisema hujawahi kutengeneza kitu kizuri kama hiki."

Anselme akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepewa habari za jirani. Watoto walikuwa wanaanza kulalamika, na Firmin alikuwa anazungusha vijiti vyake akisubiri.

"Usimwache kwangu," Anselme akasema.

Sabine akabana midomo. Alitaka kusema vinginevyo, ilionekana wazi, na hakuweza. "Simwachi," akasema, na sauti ikamkatika. "Siwezi, baba."

"Najua."

Lison alikuwa amefuta kamasi kwa mkono wa gauni. Nusu ya maua yake yalikuwa chini, yamekanyagwa. "Babu, sasa naweza kwenda?"

Ndipo alipogundua kwamba bado ameushikilia usukani. Ilimbidi akifungue kila kidole.

"Nenda," akasema. "Baiskeli ni nzima."

Ngoma ikalia mara tatu. Watoto wakaachia, na mteremko mzima ukajaa kelele, kengele na karatasi zinazopepea. Kile kibaiskeli cha kijani kilikuwa mbele, kikirukaruka juu ya mawe, na Lison akapaza sauti bila kugeuka, "Niangalie, babu! Niangalie!"

Anselme akamwangalia. Upepo ulimchoma macho, yakajaa maji, na bado alikataa kupepesa. Alimkodolea macho jinsi alivyoinama, jinsi nywele zilivyoruka, jinsi alivyokata kona pale kwenye birika na kupotea uwanjani, na alipokwisha kupotea akaendelea kutazama palepale, akimng'ang'ania binti yake mkono, akiogopa kufumba macho.