Bekari ya Marehemu Roshanali

Roshanali alipofariki, Januari ya mwaka 2012, aliacha bekari moja karibu na mtaa wa Flemingdon Park, huko ughaibuni, watoto wawili, na hati mbili, kila moja ikijiita wosia wake wa mwisho. Binti yake Nilofar alishika moja, mdogo wake Alnasir akashika nyingine. Nilofar akabadilisha kufuli za mlango wa mbele, Alnasir akabadilisha za nyuma. Wafanyakazi sita wakabaki nje kwenye theluji.

Jaji aliona wazi kwamba hawa wakiachiwa, kesi itakwisha na cha kurithi hakuna. Akamteua mtu wa nje, Otilia, wakili aliyezaliwa Bukoba na kuishi mtaa wa Malvern, jiji lilelile, awe msimamizi wa muda wa mirathi. Kazi yake ilikuwa kulinda mali mpaka hukumu itoke. Asimgawie yeyote hata kijiko.

Otilia alifika na fundi wa kufuli. Ndani kulikuwa na baridi kama nje, na tanuri limezimwa. Alnasir alimwambia, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba la busara ni kuuza mitambo upesi.

"Bekari isiyooka miezi miwili si bekari tena," Otilia alimjibu kwa Kiswahili, akijua anaelewa. "Wateja hawatakaa wakisubiri kesi yenu."

Jioni ile alipanda ghorofa ya tisa kwa Bosibori, Mkenya aliyekuwa mwokaji mkuu kwa miaka kumi na minne. Alikuwa ameshapata kazi kwingine, aanze Jumatatu.

"Nikirudi, nitakuwa mfanyakazi wa nani?" Bosibori aliuliza.

"Wa marehemu, mpaka jaji aseme. Sijui nani atashinda, dada, wala si juu yangu. Ila nataka atakayeshinda akute moto unawaka."

Bosibori akacheka kidogo. "Marehemu alikuwa bosi mgumu. Nitakuja."

Tanuri likawashwa. Wiki ya tatu zikaingia oda za biskuti za nankatai za sikukuu ya Navroz, maboksi mia nne. Wiki hiyohiyo Alnasir akaomba mahakama imwondoe Otilia, akidai anachezea mali ya urithi.

Otilia hakulala vizuri usiku wa kuamkia shauri. Lakini aliposimama mbele ya jaji, alizungumza bila kubabaika. Funguo zote anazo yeye, alisema, bima imelipwa, wafanyakazi wote sita wamerudi, na wakati huu wanaoka.

Jaji alimgeukia wakili wa Alnasir. "Niambie kilichopotea."

Wakili alipekua karatasi zake, akapekua tena.

"Ombi limetupwa," jaji alisema.

Kwenye korido Nilofar alimjia mikono wazi. "Nilijua uko upande wangu."

Otilia akarudi nyuma hatua moja. "Siko upande wako, dada. Ukigusa kufuli tena, nitakurudisha kwa jaji huyohuyo."

Siku ya Navroz foleni ilitoka mlangoni ikafika kwenye maegesho. Alnasir alikuja akikagua huku na huku, akitafuta kasoro. Bosibori, unga mpaka kwenye viwiko, akamsukumia rundo la maboksi. "Kama umekuja kusimama, simama ukifunga haya." Akafunga mpaka adhuhuri. Dada yake alikuwa kaunta, na mara mbili walipishana bila kugombana.

Hukumu ilitoka Novemba. Hati iliyoandikwa baadaye ndiyo ilikuwa wosia halali, nayo iliwapa bekari wote wawili, nusu kwa nusu. Otilia aliwakabidhi funguo asubuhi iliyofuata, kila mmoja seti yake, mbele ya wafanyakazi walewale sita na wawili wapya. Bosibori alimpigia makofi, wengine wakafuata, na yeye, aliyezoea kuondoka kwenye kesi za watu bila kuagwa, hakujua aweke wapi mikono.

Alipoingia garini alikaa kwanza, usukani mkononi, akitabasamu peke yake. Kisha akashika barabara ya Don Mills akiimba kwa sauti, na kwenye taa nyekundu ya Eglinton dereva wa pembeni alipomkodolea macho, hakunyamaza.