Binti Aliyeonekana Mpaka Ndani

Uvumi ulimfikia mshonaji Jumatatu asubuhi, akiwa anapinda sketi za shule. Aliyeuleta ni muuza mkaa, na aliuleta kwa huruma, kama watu wanavyoleta maneno ya namna hiyo. Eti binti wa mshonaji, yule aliyeolewa na Fundi Baridi mtengeneza friji, alikunywa vidonge enzi za shule, vikamkausha tumbo. Ndiyo maana ndoa ina miaka minne na hakuna mtoto.

Mshonaji alijua ni uongo. Binti huyo hata kidonge cha homa alikuwa hamezi mpaka ashikwe pua. Lakini lisemwalo lipo, na cherehani nayo ilikuwa imesikia. Kila mara mshonaji akikanyaga pedali, sindano ilishuka ikisema kavu, kavu, kavu. Akaitia mafuta. Ikaendelea kusema kavu, ila kwa sauti ya upole. Jumatano akafunga kibanda, akampitia bintiye, wakaenda hospitali.

Fundi Baridi hakwenda. Alisema ana friji ya mteja.

Daktari alitoa karatasi yenye sehemu mbili, ya mke na ya mume. Alisema ni vizuri wote wawili wapimwe kwa pamoja, kwa kuwa tatizo laweza kuwa kwa huyu, kwa yule, kwa wote, au lisionekane kabisa. Kipimo cha mume ndicho chepesi kuliko vyote. Ajizuie tendo la ndoa siku mbili mpaka saba, atoe mbegu kwenye kikopo safi, kikopo kifike maabara ndani ya saa moja kikiwa bado na joto la mwili. Hakuna sindano, hakuna kulazwa. Akamkabidhi binti kikopo chenye kifuniko, kimeandikwa jina la Fundi Baridi.

Fundi Baridi alikipokea kwa mikono miwili, akakisifia kifuniko, akatia ndani skrubu ndogo za friji.

Basi ikapimwa sehemu ya mke. Binti alitolewa damu siku ya tatu ya hedhi, akatolewa tena siku ya ishirini na moja ya mzunguko. Akapigwa ultrasaundi, ile ya kupitia njia ya chini. Kila karatasi ilirudi imeandikwa "kawaida", na kila safari daktari aliongeza kikopo kingine cha mume. Vilipofika vitatu, Fundi Baridi alifurahi, maana sasa skrubu ndogo, za kati na kubwa kila moja ilikuwa na mahali pake.

"Mama, muulize wewe," binti alisema. "Mimi nikiuliza ananuna wiki nzima."

"Mkwe haulizwi mambo hayo, mwanangu. Vumilia. Tumalizie hiki cha mwisho."

Cha mwisho kilikuwa eksirei ya mirija. Unalala chali, unaingizwa dawa kwenye mfuko wa uzazi, wanatazama kama inapita. Binti aliuma kona ya mtandio mpaka ikatoboka. Dawa ilipita pande zote mbili bila shida, na alipoinuka kitandani tumbo lake lilikuwa kioo, toka chini ya kitovu mpaka kwenye mbavu.

Mpiga picha alilitazama, akaandika kwenye daftari.

"Huwapata baadhi ya waliopimwa sana," alisema. "Usiegemee kona za meza." Akaita anayefuata.

Mshonaji alimshonea bintiye gauni lenye mlango mbele, wa vifungo vitatu, kwa sababu mama mkwe wa binti alishasema atataka kuangalia. Na aliangalia. Alikuja na miwani yake na ya jirani, akaivaa yote. Ndani, mfuko wa uzazi ulikuwa umetulia, mdogo kama ngumi ya mtoto, na mirija miwili imetoka kushoto na kulia, mizima, isiyo na fundo.

"Naona kama kuna kivuli," mama mkwe alisema.

"Ni chako, mama," binti alisema. "Umesimama dirishani."

Akasogea. Kivuli kikasogea naye. "Hata hivyo," alisema, akakaa.

Mwezi ule mtaa mzima uliona yai likikua upande wa kushoto. Siku ya kumi na nne likatoka, likaingia kwenye mrija, likatembea taratibu kama mtu aliyetumwa dukani. Likafika, likasubiri. Hakuna aliyekuja. Baada ya siku moja likanyauka, na wiki mbili baadaye binti akapata hedhi kama kawaida. Mwezi uliofuata likatoka la kulia. Wanafunzi wa uuguzi walikuwa wakija kila Alhamisi na madaftari, wanavua viatu mlangoni, maana chati yao ya ukutani ilikuwa imechanika. Muuza mkaa naye alichungulia, akasema kweli hapajakauka, ila huenda pana unyevu uliozidi.

Jumapili moja mchana ukoo wa Fundi Baridi uliitisha kikao. Binti alikalishwa kwenye kiti karibu na mlango, penye mwanga, vifungo wazi. Baba mdogo wa Fundi Baridi ndiye aliyeongoza. Mshonaji alikuwa ameapa kutosema kitu, lakini usiku uliotangulia cherehani haikumpa usingizi, na mdomo ukamponyoka.

"Baba," alimwambia mkwewe, "mteja akikuletea friji haigandishi, unaanzia wapi?"

Fundi Baridi alichangamka. Hapo aliguswa penyewe. "Kwenye soketi ya kwake, mama! Lazima nifike nyumbani nipime umeme kwanza. Watu wanafungua friji za watu, wanavuruga gesi, kumbe friji nzima. Umeme ndio haufiki."

Ndani ya binti, yai la mwezi ule lilikuwa limesimama mlangoni.

"Sasa wewe umeshapimwa soketi?" mshonaji aliuliza.

"Mama," Fundi Baridi alisema, "friji ni friji."

"Mwanamume hapimwi, mwenzetu," baba mdogo aliingilia. "Mwanamume anaonekana. Tazama ndevu zile."

"Na huyu je? Si anaonekana mpaka utumbo?"

"Ndiyo shida yenyewe hiyo," alisema mama mkwe. "Mke gani yuko wazi hivyo? Mtoto gani atakubali kukaa mahali hapana faragha?"

Wengi waliona hilo ni neno. Ikaamuliwa Fundi Baridi aongeze mke.

Binti alimfuata mamake mpaka nje, anafunga vifungo. "Nirudi nyumbani, mama?"

Mshonaji aliwaza majirani, akawaza muuza mkaa. "Vumilia kidogo," alisema. "Huenda ikamwingia akilini mwenyewe."

Mke wa pili alikuwa msusi, mcheshi, mwenye vidole vyepesi. Miezi kumi na minne ikapita. Muuza mkaa akasikia eti msusi ana jini la wivu. Msusi akatolewa damu siku ya tatu, akatolewa siku ya ishirini na moja, akapigwa ultrasaundi, akalazwa chali akatiwa dawa. Kikopo cha nne kikapata misumari. Msusi aliporudi, tumbo lake lilikuwa kioo, safi kuliko hata la mwenzake.

Wake wale wawili walipatana. Asubuhi walikaa barazani wakisukana, na jua likipita ndani ya mmoja liliingia ndani ya mwingine, likachora mirija minne ukutani. Fundi Baridi alilalamika kwamba nyumba ina mwanga mno, friji anazozitengeneza zinapata joto. Akaenda kwa mshonaji kuagiza mapazia. Alikuwa na vipimo vya madirisha yote kwenye karatasi, urefu na upana.

"Nimepima mara mbili, mama," alisema. "Mimi sipendi kubahatisha."

Mshonaji alishona mapazia, akayapeleka mwenyewe. Binti alimsaidia kuyatundika. Kioo kilikuwa kimeshapanda mpaka kooni.

"Unaendeleaje, mwanangu?"

Binti alifungua mdomo, kisha akameza. Mshonaji aliliona jibu likishuka, dogo na gumu, likapita kifuani, likatua tumboni juu ya mengine. Yalikuwa mengi. Akageuka kulinyoosha pindo la pazia.

Mwenye binti, na mwenye mwana wa kiume vilevile, epuka haya:

– Kumpima mke peke yake.

– Kurudia vipimo vya mke vilivyotoka vizuri, na cha mume hakijafanywa hata kimoja.

– Kuamini kwamba ndevu, sauti nzito au nguvu za chumbani ni kipimo.

– Kukaa na kikopo njiani zaidi ya saa moja, au kukiweka juani.

– Kungoja miaka minne. Mwaka mmoja ukipita bila mimba, nendeni wote. Mke akiwa na miaka thelathini na mitano au zaidi, msizidishe miezi sita.

– Kuoa mwingine ili kujua tatizo liko kwa nani.

– Kumsikiliza muuza mkaa.

– Kumwambia binti avumilie.