Midomo Isiyosema Tega

Kilichomtia Fundi shaka mwanzo kabisa ni koti. Kijana mkalimani aliingia chumba cha kamati nyuma ya matroni wa hospitali, amevaa koti lenye mikono mirefu iliyomfika kwenye vidole. Fundi ameshona nguo za watu tangu usichana wake, akajua pale pale kwamba koti lile si la aliyelivaa. Na si hilo tu. Mkalimani wa viziwi husema kwa vidole. Sasa mtu wa kazi hiyo akivaa nguo inayomeza vidole, ana tofauti gani na mwimbaji aliyejifunga kitambaa mdomoni?

Fundi hajawahi kusikia sauti tangu azaliwe. Masikio yake ni macho, na sasa macho yenyewe yalikuwa yanamponyoka. Daktari alisema ni presha ya macho, asipotibiwa mwanga utamzimikia kidogo kidogo kuanzia pembeni. Basi akawa anakuja kliniki, anakaa benchi la karibu kabisa na mlango. Muuguzi anatoka, anaita jina, anarudi ndani. Jina la Fundi likawa linampita juu ya kichwa kama ndege. Jioni benchi linabaki na yeye na mfagiaji. Mwishowe wakamkatia matibabu, ati mtoro. Mtoro, naye amewakalia mlangoni!

Alilalamika, na leo kamati ya watu watatu ilikaa kumsikiliza. Alitaka arudishiwe matibabu, na anayeita wagonjwa aandike pia namba ubaoni, au amguse bega asiyesikia. Wakimkatalia, ndiyo basi. Giza likishamwingia, hatazungumza tena na mtu, hata na wajukuu zake.

Alikuja na wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Wawili hawa wamepikia jiko moja tangu ujana, wifi anajua ishara zote, mpaka zile za kusengenyea majirani. Lakini matroni alimzuia mlangoni. Ndugu huwa wanapendelea, alisema, na hospitali imeshaleta mtaalamu wake.

"Huyo mtaalamu wamemtoa wapi?" Fundi aliuliza kwa mikono.

"Na wewe wifi! Hata kuku akikutazama unasema katumwa. Ingia, mimi nipo hapa benchini."

Basi akaingia peke yake. Alipopewa nafasi, alieleza yote: benchi, mfagiaji, jina asilolisikia, na sindano ambayo siku hizi anaitunga uzi kwa kupapasa. Mikono ilimwenda mpaka mabega yakamuuma. Kijana alimtazama, akafungua mdomo kidogo kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi, akaufunga. Maneno matatu, labda manne. Mwenyekiti, mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, akatikisa kichwa kukubali. Matroni akatabasamu. Kisha kijana akamgeukia Fundi, vidole vikachungulia kwenye mikono ya koti: "Vizuri. Subiri. Vizuri."

Vizuri nini? Na nani asubiri, asubiri mpaka lini?

Moyo ukamwambia wamemnunua kijana huyu. Moyo huo huo ukamkemea: pengine anajua kufupisha, na ni kosa kumbebesha mtoto wa watu uovu kwa ajili ya koti la kuazima. Isitoshe, akimshtaki, atamshtaki kwa mdomo wa nani? Ni wa huyu huyu kijana. Wamemfungia ndani ya nyumba ambayo mwizi ndiye mwenye ufunguo.

Akatazama midomo yao mmoja mmoja, na ghafla akakumbuka midomo mingine. Alipokuwa mtoto, bibi yake akiwakusanya kwa vitendawili, vinywa vya nyumba nzima vilifunguka kwa pamoja, papo hapo, kama vifaranga. Tega. Ndilo neno la kwanza alilojifunza kulisoma mdomoni. Hata aliyenuna alilisema, hata aliyekuwa anasinzia. Hakuna mtu aliyelelewa na bibi atakayeambiwa kitendawili akanyamaza.

Akainua mikono, akaonyesha polepole, ishara ambayo mkalimani yeyote anaijua: "Kitendawili."

Kijana akaonja tena chumvi yake. Fundi akakodolea midomo ya wanakamati. Haukufunguka hata mmoja. Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa upole na kuanza kufunika kalamu yake.

Sasa Fundi akajua. Akasimama. Matroni, akidhani mambo yamekwisha, akamfungulia mlango kwa bashasha. Fundi akatoa mkono nje, akamkamata wifi yake kiganja, akamvuta ndani kama mtu anayeingiza mbuzi zizini, akamwambia la kusema.

Wifi akapigwa na butwaa. "Wazee wangu, mnisamehe, sijui kaingiwa na nini. Anasema, kitendawili."

"Tega," wakasema wote watatu. Hata matroni midomo ilimtoroka.

"Yupo mlangoni, kila siku anaitwa, na kila siku haingii."

Wakaanza kubahatisha. Mmoja akasema kivuli, mwingine kitasa. Mwenyekiti akafikiri, akacheka mwenyewe, akasema wameshindwa, achukue mji anaoupenda awape jibu.

Fundi akajibu kwa mikono. Wifi alianza kufasiri akiwa anatabasamu, akamaliza hatabasamu tena. "Anasema hataki mji. Anataka matibabu yake. Jibu ni yeye."

Mwenyekiti akavua miwani, akamuuliza kijana mama huyu alisema nini muda ule wote. Kijana akamtazama matroni, kisha mikono ya koti. Akasema yeye ni wa stoo. Ishara anazozijua ni za kwenye picha iliyobandikwa ukutani, na koti alipewa asubuhi. Alikuwa amewaambia kwamba mama anashukuru, hana la zaidi. Matroni akadakia kwamba walitaka tu kuokoa muda wa kamati. Kijana alimgeukia Fundi, akafanya ishara moja, ya pole, na kwa mara ya kwanza alikuwa amekunja mikono ya koti. Fundi hakuitikia. Hakukataa pia.

Mwenyekiti akazungumza kwa kirefu. Alinyoosha kidole mlangoni, akamwonyesha matroni ubao, akagonga meza, akazungumza tena. Alipomaliza, wifi akafasiri: "Unatazamwa macho leo, mwenyekiti mwenyewe anakupeleka. Namba zitaandikwa. Haya, anza kueleza upya, tangu mwanzo."

Fundi akamtazama wifi yake kwa jicho la pembeni. "Maneno yote yale, ndiyo hayo tu?"

"Mengine alikuwa anakohoa, wifi."

Fundi akavuta kiti mpaka dirishani, mwanga uangukie mikono yake, akamkalisha wifi mbele yake, amwone mdomo vizuri. Kisha akaanza upya, akianzia na lile benchi.