Koti la Vifungo Vinne

Nilifukuzwa shule ya bweni kwa kosa la ibada. Askofu alikuja kutubariki, nami ndiye niliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa la shule, basi nikachukua muziki wa dansi wa Wamarekani weusi nikaupiga polepole, kwa majonzi, kama wa maziko. Askofu aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa. Angeondoka salama na baraka zake kama wakubwa wa madarasa ya juu, kule nyuma, wasingeanza kutikisa mabega. Mwalimu mkuu alimwandikia baba yangu kwamba mimi, Peregrine Lisle, sina hofu ya Mungu. Alinionea. Mungu ninamwogopa kwa kiasi. Aliyekuja kunitia hofu kamili ni Dougie Pask.

Dougie ndiye mwanzilishi wa bendi yetu, Mstari wa Pasi. Gitaa alipiga yeye, nyimbo alitunga yeye. Alikuwa na miaka thelathini na moja, akipaka rangi magari kiwandani Dagenham, na alikuwa modi halisi, wa kizazi cha kwanza cha vijana wa suti na skuta. Mwaka wa sitini na nne, akiwa mvulana wa miaka kumi na sita, alikwenda na skuta yake ufukweni Clacton, na katika ugomvi uliotokea kijana mmoja wa kundi la pikipiki, mahasimu wa wamodi, akampiga kichwani kwa kiti cha turubai. Kichwa kilipona. Koti halikupona, na hilo ndilo alilokuwa akilisimulia hadi leo kwa sauti ya mfiwa.

Sisi wengine tulikuwa wamodi wa mtumba. Clive Sherrin, mwimbaji wetu, aliuza viatu Romford. Alikuwa na sauti nzuri na sura nzuri zaidi, na alizijua zote mbili. Barry na Len Tooley, ndugu wa damu, besi na dramu, walifanya kazi bucha. Mimi walinipa jina la Askofu, kwa sababu zilizo wazi. Dougie alitufundisha muziki wa kusikiliza, upana wa kola, koti la vifungo vitatu, namna ya kufunga tai, na sheria iliyo mama wa sheria zote: suruali ikishapigwa pasi, hakuna kukaa. Tulisafiri katika gari la mizigo tumesimama, tumeshika dari, kutoka Dagenham hadi Chelmsford, kama ng'ombe waliovaa vizuri. Aliyekaa ni Glenys peke yake, mke wa Dougie, kwa kuwa ndiye dereva.

Kabla ya kila onyesho kulikuwa na ukaguzi. Tulijipanga mstari, kwa kawaida chooni, maana baa nyingi hazina chumba kingine, na Dougie alipita na futi kamba yake ya fundi. Alipima mpasuo wa nyuma ya koti. Aliangalia soksi. Aliyeshindwa hakupanda jukwaani, hata Malkia angekuwa ukumbini anangoja. Barry alishindwa mara moja pale Ilford kwa soksi nyeupe, tukapiga bila besi, na watu wakafikiri ndiyo mtindo mpya. Mwishoni Dougie alisimama mbele ya kioo akajikagua mwenyewe, na hapo ndipo nilipoanza kumwogopa kweli: Chelmsford alikuta kifungo chake kimelegea, akajishindisha. Alikwenda kukishona garini kwenye baridi, sisi tukaanza bila gitaa.

"Si ungepanda tu, Mzee," Clive alimwambia baadaye. "Nani angeona?"

"Mimi," alisema Dougie.

Siku zile nchi ilikuwa mikononi mwa mapanki, vijana wa muziki wa makelele. Walijitoboa kwa pini, wakavaa mifuko ya taka, na bendi waliyoipenda waliitemea mate. Ndiyo ilikuwa shangwe yao. Canning Town walitupenda mno. Dougie alisimamisha wimbo katikati, akatoa leso, akajifuta bega taratibu.

"Hii ni sufu ya moheri, mwanangu," alimwambia kijana mmoja wa mbele mwenye nywele za kijani. "Kama umenipenda, piga makofi. Mama yako hakukufundisha makofi?"

Ukumbi mzima ulicheka, halafu ukapiga makofi, pamoja na yule wa nywele za kijani. Habari hiyo ilitutangulia kila tulikokwenda. Mwezi uliofuata skuta zilikuwa zimejaa nje ya baa, zimebandikwa vioo kama maharusi, na vijana wa Barking na Ilford wakasimama ndani bila kuegemea kuta ili makoti yasichafuke. Tukarekodi wimbo wa Dougie uitwao "Usikae", unaoanza kwa gitaa peke yake, kali kama mkasi. Kampuni moja ya santuri ikatuchukua. Wimbo ukaingia kwenye chati, chini kabisa, lakini ndani. Kisha televisheni ikatuita.

Dougie hakusema mengi. Alimwambia msimamizi wake kiwandani, akamwambia mama yake, akaiambia zamu nzima ya rangi, na Glenys akaalika majirani waje kutazama. Nilimwona akijifunza kusimama mbele ya kioo cha duka, gitaa likiwa halipo, mikono ikiwa mahali pake. Mtu huyu alikuwa ameingoja saa hiyo tangu enzi za kile kiti cha turubai.

Mtu wa kampuni aliitwa Bwana Fairbrass. Alikuja mazoezini mara moja, akatusikiliza, akamtazama Dougie usoni kwa muda mrefu kama mtu anayenunua farasi.

"Una miaka mingapi, Bwana Pask?"

"Ya kutosha."

"Ndiyo," alisema Fairbrass, "ndicho ninachokiona." Kisha akamchukua Clive wakaenda kula. Clive alirudi akinuka mvinyo na mawazo.

Siku ya televisheni, mimi, Clive na kina Tooley tulitangulia. Dougie alikuwa bado kwa kinyozi. Katika chumba cha kuvalia Clive alinitupia koti jipya mapajani. Namaanisha angenitupia mapajani kama ningekuwa nimekaa.

"Vaa hilo, Askofu."

Lilikuwa koti zuri, la kijivu cha bahari mbaya, na lilikuwa na vifungo vinne. Barry na Len walikuwa wameshavaa ya kwao.

"Dougie anasema vitatu," nikasema.

"Dougie alisema vitatu mwaka jana. Leo vya vitatu wanauza sokoni Romford, kwenye rundo, karibu na soksi. Na yeye mwenyewe anasemaje? Kikivaliwa na kila mtu kimekufa. Modi anavaa cha kesho. Si maneno yake hayo?"

"Na yeye koti lake liko wapi?"

Clive alijishughulisha na nywele zake. Barry alitazama viatu vyake, ambavyo, ni lazima niseme, vilistahili kutazamwa.

"Fairbrass hamtaki, dogo," alisema Barry. "Anasema televisheni inaonyesha kila kunyanzi. Anasema mapanki wanauza ujana, na sisi tunauza ujana uliopigwa pasi. Mzee anaharibu bidhaa."

"Basi mwambieni."

"Mwambie wewe," alisema Len. "Si ndiwe msomi."

Hawa walikuwa wanaume wanaokata mbavu za ng'ombe kwa shoka kila asubuhi, na hakuna aliyethubutu. Wakaona waiachie sheria yake imwambie. Nililitundika koti jipya ukutani, nikabaki na la vifungo vitatu, na kusimama kando ya mlango kwa heshima zote za shahidi wa dini anayengoja simba.

Dougie aliingia na gitaa lake, amenyolewa, ananukia. "Haya, wanangu. Mstari."

Tulijipanga. Alitoa futi kamba, akaanza kwa Len, na mkono wake ukasimama hewani. Alimtazama Len, akamtazama Barry, akamtazama Clive. Alihesabu vifungo vya Barry kwa kidole, kimoja kimoja, kama daktari anayetafuta palipovunjika.

"Nani ameshona?"

"Lazarus," alisema Barry, kwa sauti ya kuku.

Lazarus ndiye fundi wake Dougie, aliyemshonea koti lile la Clacton. Dougie aligeuza pindo, akaangalia mshono wa ndani.

"Kazi safi," alisema. Akapima mipasuo yote mitatu. Ilikuwa sawa. Aliwapitisha wote, mmoja baada ya mwingine, kisha akafika kwangu.

"Na wewe?"

"Mimi, bwana mkaguzi, nimebaki katika imani ya wazee wangu."

"Usinichezee leo, Askofu. Lako lipo?"

"Lipo ukutani."

"Livae."

"Dougie, hawa wamekufanyia..."

"Wamenifanyia nini naona. Macho ninayo. Livae, usinipandie jukwaani na nguo ya sokoni."

Nililivaa. Lilinikaa vizuri sana, na hilo sijalisamehe. Dougie alikwenda mbele ya kioo. Hakuna aliyesogea. Angeweza kutupiga, nadhani kina Tooley walikuwa wanatamani awapige. Angeweza kucheka, kusema ninyi watoto wa mbwa, kuchukua gitaa na kupanda. Bendi ni yake, wimbo ni wake. Lakini alijitazama kutoka kwenye kola hadi kwenye pindo, tena kutoka kwenye pindo hadi kwenye kola, na nikaona anatafuta kosa katika hoja yao na halipati.

"Unajua, Mzee," alianza Clive, "kama ni kwa leo tu, sisi tunaweza..."

"Tunaweza nini? Kusamehe? Sheria gani hiyo inalala siku ya televisheni?" Alilegeza tai. "Mmeleta nani?"

Walikuwa wamemleta Julian, mtoto mzuri wa kwenye picha za majarida, aliyekuwa akingoja kwenye ujia. Vifungo vinne, vyote vimefungwa. Dougie alimvalisha mkanda wa gitaa lake mwenyewe.

"Unapiga?"

"Kidogo sana, bwana," alisema Julian, na alikuwa mkweli.

"Haidhuru. Santuri ndiyo itakayopigwa, ninyi mnajifanya tu. Kidole hiki hapa, hiki hapa. Mwanzo ule unashuka hivi. Ukikosea mkono watu watajua." Alimnyoosha kola. "Imepinda."

Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma. Huko nje alivua koti lake akalikunja juu ya mkono, katika baridi ile ya Novemba.

Taa ziliwaka, santuri ikaanza, na gitaa la Dougie Pask likalia kote Uingereza, kali kama mkasi, huku Julian akitikisa nywele. Mimi nilivumilia ubeti mmoja. Halafu niliinua mikono yote miwili kutoka kwenye kinanda na kuikunja kifuani kwa sala. Kinanda kiliendelea kulia. Nikamwendea Julian, nikachomoa waya wa gitaa lake, nikaunyanyua mbele ya kamera kama askofu anavyonyanyua msalaba. Gitaa liliendelea. Nilitaka taifa zima lielewe kwamba linadanganywa.

Taifa lilielewa vizuri mno na likafurahi. Magazeti yalisema kwamba hatimaye imepatikana bendi yenye ucheshi. Fairbrass alinibusu mashavu yote mawili. Kwenye kumbi vijana walianza kuucheza wimbo wetu wakiwa wamenyanyua waya usiokuwepo, na "Usikae" ikapanda hadi namba tisa. Kitu cha pekee nilichokifanya kwa moyo safi tangu kuzaliwa kwangu, na kiliwatajirisha watu wale wale.

Jumapili moja Clive alinituma Dagenham. Glenys alifungua mlango, mkononi kitambaa cha jikoni.

"Ingia, msaliti. Futa miguu."

Dougie alikuwa mezani, amevaa sweta, anakula nyama ya kuoka na viazi. Nilisema nimetumwa. Alinionyesha kiti.

"Kula kwanza. Glenys, mwambie habari za majirani."

"Nimwambie nini? Walikuwa kumi na wanne humu ndani," alisema Glenys. "Nimewakatia keki. Wimbo ukaisha, mama yake huyu akauliza, 'Dougie atatokea saa ngapi?'"

"Na kiwandani?" nikauliza, na nikajuta.

"Kiwandani wananiita Televisheni," alisema Dougie. "'Televisheni, lete ndoo.' Wanafikiri nilikuwa nawadanganya miaka yote. Kijana mmoja wa kuchomelea akaniambia, yule mpiga gitaa lakini anajua kazi."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia anajua." Alikata kiazi. "Haya, umetumwa nini?"

Nilikuwa nimejiandalia hotuba yenye Kilatini ndani yake. Iliniruka yote. Nilimwambia kwamba wiki ijayo tunapiga Coventry, ukumbi mkubwa, tiketi zimekwisha, na huko hakuna santuri. Huko ni kupiga kweli, na Julian hajui. Fairbrass anaomba Dougie apige nyuma ya pazia, na Julian asimame mbele.

Glenys aliweka bakuli la mchuzi chini taratibu sana.

"Mwambie Clive," alisema, "kwamba nilimpikia chai mwaka mzima. Mwambie hivyo tu. Halafu mwambie akajitupe mtoni."

Nilishukuru Mungu, yule ninayemwogopa kwa kiasi, kwa ajili ya mwanamke huyu. Nilikuwa tayari kuupeleka ujumbe huo neno kwa neno, kwa kuimba ikibidi. Nikasimama.

"Gari linaondoka saa ngapi?" aliuliza Dougie.

Nilimtazama Glenys.

"Nimekuuliza, Askofu."

"Saa nane mchana," nikasema. "Dougie, si lazima..."

"Mwambie Clive waya wa gitaa uwe mrefu, nipate kusogea. Nyuma ya pazia nitasikia dramu tu, Len atanivuta nje ya mwendo."

"Mimi siendeshi," alisema Glenys.

"Basi utapumzika," alisema Dougie, na kuendelea kula.