Injinia wa Buna

Miaka yote Hani aliyosomea mitambo ya maji katika chuo kimoja mjini Garissa, karakana ilikuwa na kufuli. Ndani mlikuwa na pampu mpya za sola, bado zimefunikwa nailoni. Wanafunzi walizichungulia dirishani.

"Mkizishika mtaziharibu," alisema mwalimu wao, Kadar. Akachora pampu ubaoni, nao wakainakili. Hani alichora vizuri kuliko wote, akaongoza darasa.

Aliporudi kwao Buna, kiangazi kilikuwa kimekaza. Asubuhi moja pampu ya kisima ikanyamaza. Mafundi walikuwa Wajir, mbali. Baba yake mdogo, Abdiwali, aliyekuwa mwenyekiti wa kisima, akamwita mbele ya watu.

"Haya, binti yangu, injinia wetu. Mifugo ina kiu."

Hani angeweza kusema hajui. Lakini wazee walikuwa wakimtazama, na binti wa Abdiwali, Fathi, aliyekuwa karibu kujiunga na chuo kilekile, alikuwa akitabasamu kwa fahari. Akafungua kisanduku cha kuongozea pampu. Kwenye mchoro wa Kadar, waya mmoja ulikuwa mwekundu na mwingine mweusi. Nyaya hizi zote zilikuwa zimepauka kwa joto, rangi moja. Akazichomoa, akazisafisha, akazirudisha. Alipowasha, kikasikika kishindo kidogo, kisha moshi.

Mafundi walipofika siku kadhaa baadaye na kisanduku kingine, mizoga ya mbuzi ilikuwa imezagaa hadi barabarani.

"Hapa palikuwa na waya uliolegea tu," fundi mkuu alisema. "Nani aliyezigeuza nyaya?"

"Mimi," Hani akajibu.

Hakuna aliyeuliza chuoni alifundishwa nini. Mzee mmoja akasema, "Kazi hii si ya wasichana," na wengine wakaitikia. Abdiwali akaenda kuhesabu mizoga.

Hani akawaomba mafundi waende naye, hata bila mshahara. Akabeba mabomba, akachubuka, akapigwa na umeme. Alipokosea alisahihishwa papo hapo, akarudia mpaka mikono ikazoea. Mvua zilipokuja, alikuwa akifungua pampu na kuitengeneza peke yake.

Siku gari la mafundi lilipopitia Buna, alisikia kwamba Fathi hakwenda chuo, akaenda moja kwa moja kwa Abdiwali.

"Adeer, baba yangu mdogo, mwache Fathi aende chuo. Kila likizo nitamchukua tufanye kazi pamoja. Hayatampata yaliyonipata."

Abdiwali akashusha pumzi. "Sijamzuia. Kamuulize mwenyewe."

Fathi alikuwa akikamua mbuzi. Hakuinua kichwa.

"Mimi ndiye niliyekataa, dada. Wewe uliondoka na gari. Mimi nilibaki hapa nikisikiliza waliyoyasema."

"Lakini sasa kazi naijua, Fathi."

"Najua unaijua. Lakini waliosema bado wako hapa, nami naishi nao."

Maziwa yaliendelea kuchuruzika chomboni. Barabarani, dereva wa mafundi akapiga honi, kisha akapiga tena, na Hani akaondoka.